Mfano wa Neno Laksiti

Palikuwa na nchi, na usiniulize ilikuwa upande gani, maana ramani yake bado iko kwa mchoraji ikisubiri saini. Ilikuwa nchi yenye utaratibu mzuri sana. Kila kitu kilikuwa na fomu yake, na kila fomu ilikuwa na fomu ya kuiombea. Wananchi wake walikuwa watulivu, na viongozi wake walichoka mapema kila siku kwa kuwahurumia wananchi hao.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sihaba, karani katika Wizara ya Ujenzi na Lugha. Zamani zilikuwa wizara mbili. Ziliunganishwa siku Mkuu wa Nchi alipotambua, katikati ya hotuba ya saa nne, kwamba nyumba ina msingi na lugha nayo ina msingi, hivyo hapakuwa na haja ya mawaziri wawili kuangalia misingi. Akabaki waziri mmoja, Mheshimiwa Dakta Gombeka, ambaye hakuwahi kujenga kitu wala kuandika kitu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumlaumu kwamba anapendelea upande mmoja.

Sihaba alikuwa Idara ya Maneno Yaingiayo, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha lisilofunguka. Cheo chake kilikuwa Mwandishi wa Mifano Daraja la Pili. Neno la kigeni likiingia nchini lilipokelewa, likaandikishwa, likapewa maana, kisha likaletwa mezani kwake alitungie sentensi moja ya mfano ili wananchi waone linavyotumika. Inaonekana kazi nyepesi. Hata yeye aliiona nyepesi mwaka wa kwanza.

Zamani Kamusi ya Serikali ilikuwa na mifano ya ovyo ovyo, kama vile "Juma ana kalamu." Wananchi wakaanza kuandika barua kuuliza ni Juma yupi, na hiyo kalamu kaipata wapi. Akina Juma kumi na wanne wakakamatwa na kupekuliwa. Ili kuondoa usumbufu, Bunge likapitisha Sheria ya Mifano Hai: kila mfano utaje mtu wa kweli, jina lake kamili, na jambo alilolifanya. Baadaye mahakama, zilizokuwa zimechoshwa na mashahidi wanaojikanganya, zikaamua kwamba mfano uliokwisha kuchapwa kwenye Kamusi ya Serikali ni ushahidi tosha. Na kama maana na mfano vitapingana, mfano ndio utakaoshinda, kwa kuwa mfano una saini saba na maana ina saini tatu tu. Tangu hapo kesi zilikwenda haraka sana. Nchi jirani zilituma wajumbe kuja kujifunza.

Kwa miaka kumi na mmoja Sihaba aliandika mifano. Siku moja aliletewa neno sabotaji, yaani hujuma, pamoja na kikaratasi chenye jina la Ndaro Mwegelo, fundi cherehani wa mtaa wa pili kutoka kwake. Akaandika: "Fundi Ndaro Mwegelo alifanya sabotaji alipoishona sare ya mkuu wa wilaya ikambana kwapani." Fundi akapata miaka sita. Mke wa fundi akahama mtaa. Sihaba alisubiri ajisikie vibaya. Alisubiri wiki nzima huku akipika na kufua kama kawaida, na hakuna kilichokuja. Ganzi ilimwingia taratibu, kama inavyoingia mguuni mtu akiukalia, akaizoea.

*

Neno laksiti liliingia nchini mwezi wa nne, ndani ya bahasha ya wataalamu kutoka nje. Wataalamu hao watatu waliitwa baada ya paa jipya la Soko la Ushindi kuanguka na kuua wanawake tisa. Walifika, wakaikwaruza nguzo moja kwa ufunguo wa gari, mchanga ukamwagika mpaka ukafunika kiatu cha mmoja wao. Wakaandika kwa Kiingereza kwamba paa limeanguka kwa sababu ya laksiti ya wahusika. Wakanywa chai, wakaondoka. Ripoti yao ilikuwa ya kurasa mbili, jambo lililoiudhi sana Wizara, kwa sababu hata ripoti ya vikombe vilivyovunjika jikoni huwa na kurasa arobaini.

Karani mmoja wa mapokezi, mtu asiye na siasa, alisema kwamba hilo ni neno ulegevu tu, tunalo siku nyingi. Alikumbushwa kwa upole kwamba neno ulegevu lilistaafishwa kwa waraka miaka mitatu nyuma, baada ya kutumika kupita kiasi kwenye mikutano ya hadhara, na sasa linapumzika kwa heshima pamoja na majirani zake, uzembe na kutojali. Neno lililostaafu halirudishwi kazini. Kwa hiyo nchi nzima ilijua maana ya laksiti, na nchi nzima ikakaa kusubiri Kamati ya Kitaifa ya Maana itangaze maana ya laksiti.

Sasa hilo paa lenyewe. Lilikuwa limekamilika miezi kumi na minne iliyopita, bati jekundu linang'aa, nguzo ishirini zimepakwa rangi nyeupe. Lakini halikuwa limezinduliwa. Mkuu wa Nchi alikuwa aje kukata utepe hivi karibuni, na hivi karibuni katika nchi hiyo ni muda mrefu. Kabla ya hapo hakuruhusiwa mtu kukaa chini yake. Kanuni ilibandikwa getini: Kivuli cha Serikali Hakitumiki Kabla ya Kuzinduliwa. Wauza mboga wakawa wanapanga mafungu yao nje ya uzio, juani, wakikitazama kivuli kikizunguka ndani kikiwa hakina mtu.

Na kwa kuwa kivuli kilikuwa mali ya umma, akaajiriwa mlinzi. Mlinzi huyo alikuwa Pazi Mkwanda, mume wa Sihaba. Alipewa funguo, filimbi na koti la mvua. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayeamka mapema, na kwa miezi kumi na minne alikilinda kivuli kile kisiguswe hata na mbuzi.

Alhamisi moja mchana ikaja mvua ya mawe. Wauza mboga hawakuwa na pa kukimbilia. Pazi akafungua geti, wakaingia na vikapu vyao wakasimama katikati, mbali na upepo. Mwenyewe alirudi getini kumsaidia bibi mmoja kubeba kapu la viazi. Alikuwa ameinama kwenye lile kapu aliposikia kishindo nyuma yake.

Askari walipofika waliuliza nani aliyewaruhusu watu hawa kuingia humu.

"Mimi," Pazi akasema. "Mimi ndiye niliyewafungulia."

Askari aliyekuwa na daftari akaandika haraka haraka. Katika miaka yake kumi na minane kazini hakuwahi kusikia mtu anayelipwa na serikali akisema mimi.

Wakamweka kituoni. Hati ya mashtaka ilitumia neno lile lile la ripoti, na mtu hawezi kuhukumiwa kwa neno lisilo na maana, wala hawezi kuachiwa maadamu neno lipo. Sihaba akawa anampelekea chakula kila siku baada ya kazi.

"Wamekupiga, Baba Tunu?" alimwuliza siku ya kwanza.

"Hawajanigusa. Wanasubiri maana."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimeshasema. Sina lingine."

Tunu, binti yao, alikuwa shule ya bweni, na walikubaliana asiambiwe kitu mpaka maana itoke. Pazi akala ugali wake wote, akamrudishia bakuli. Sihaba alimtazama akinawa mikono, akajua anapaswa kulia, macho yakabaki makavu.

*

Kamati ya Kitaifa ya Maana ilikaa siku tisa katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, wajumbe thelathini na mmoja. Sihaba alikuwepo kama mwandishi wa muhtasari, kwa hiyo alisikia yote.

Profesa mmoja mstaafu alifungua kwa kusema kwamba laksiti si kitu cha kukikurupukia. Inaweza kumaanisha kutokaza, inaweza kumaanisha kuachia, na inaweza kumaanisha kutokaza kwa namna ya kuachia, na tofauti hizo zinahitaji semina. Mjumbe mwingine alitaka kujua kama laksiti ni ya mtu mmoja au inaweza kuwa ya watu wengi waliokaa pamoja mezani. Wajumbe wakatazamana, wakaomba mapumziko ya chai. Waliporudi, swali lilikuwa limefutwa kwenye muhtasari, na Sihaba ndiye aliyeambiwa alifute.

Siku ya saba akaja Waziri mwenyewe. Mheshimiwa Gombeka alikuwa na sauti nzuri, nzito, ya kutuliza watu.

"Ndugu zangu," alisema, "neno ni kama nguzo. Likiwekwa mahali pasipo pake, litaangusha watu. Nawaomba mliweke neno hili mahali ambapo litamwangukia anayestahili. Mimi sitawaingilia. Nimekuja tu kuwaonyesha mahali."

Wakapiga makofi. Siku ya tisa maana ikatoka, ikatiwa saini tatu:

Laksiti: hali ya mtumishi wa ngazi ya chini kutokikaza kile alichopewa na mtumishi wa ngazi ya juu akikaze. Matumizi: halitumiki kuanzia ngazi ya mkurugenzi kwenda juu, huko hutumika neno busara.

Sihaba aliinakili kwa mwandiko wake safi. Alipofika kwenye ngazi ya chini alilifikiria geti, na viatu vya Pazi vilivyotoboka kidoleni, kisha akaendelea na mstari uliofuata.

*

Asubuhi yake Mkurugenzi wa Idara, Bwana Kilindo, akamwita ofisini.

"Keti, Bi Sihaba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, Mkurugenzi."

"Neno letu limepata maana, tunamshukuru Mungu. Sasa linataka mfano. Jina hili hapa."

Akamsogezea kikaratasi. Sihaba akasoma jina la mumewe.

"Huyu ni mume wangu," akasema.

"Tunajua. Ndiyo sababu tukaona wewe ndiye unayefaa. Huko nyuma tumewahi kukosea herufi za majina ya watu, ikaleta usumbufu mkubwa magerezani. Mke hawezi kukosea jina la mumewe."

"Atapata miaka mingapi?"

"Hayo ni ya mahakama, dada yangu. Sisi ni watu wa lugha."

"Na nikikataa?"

Bwana Kilindo hakukasirika. Alifungua droo, akaangalia ndani, akaifunga.

"Kukataa kuna fomu yake," akasema, "na fomu zimeisha tangu mwaka juzi. Nipatie mfano kabla ya saa sita. Wa sentensi moja, ueleweke na mtoto wa darasa la tatu."

Sihaba akarudi chumbani kwake, akakaa. Mbele yake kulikuwa na kalamu, karatasi ya serikali na jalada jekundu. Alilijua lile paa. Alikuwepo siku lilipokaguliwa, maana Wizara ilihitaji karani wa kuandika mahudhurio. Gari la Waziri lilisimama nje ya uzio, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi. Mhandisi akaonyesha kwa kidole kutoka mbali, Waziri akatikisa kichwa kukubali, hati ikapitishwa kwenye upenyo wa kioo ikarudi imesainiwa. Shughuli nzima ilichukua muda wa mtu kumenya ndizi.

Alisubiri woga uje. Alikuwa na kila sababu ya kuogopa, na aliwajua waliomwaga unga kwa makosa madogo kuliko hilo alilokuwa akiliwaza. Lakini ganzi haichagui. Ilipokuwa ikiua huruma kwa miaka yote ile, iliua na woga pia. Akachukua kalamu, akaandika bila kufuta:

"Mheshimiwa Dakta Gombeka alionyesha laksiti alipolikagua Paa la Soko la Ushindi akiwa ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa, na paa likaua watu tisa."

Akahesabu maneno, akaweka nukta, akafunga jalada.

*

Jalada jekundu lilihitaji saini saba. Wa kwanza kusaini alikuwa Mhariri, ambaye hakusoma kwa sababu alijua wako sita baada yake watakaosoma. Wa pili hakusoma kwa sababu Mhariri alikuwa ameshasaini. Wa tatu alikuwa likizo, ukasaini muhuri wake. Wa nne na wa tano walisaini pamoja wakizungumzia mpira. Wa sita alikuwa Bwana Kilindo, aliyelipima jalada kwa mkono, akaona uzito wake ni wa sentensi moja, akaridhika. Wa saba alikuwa Mheshimiwa Gombeka. Alisaini akiwa ndani ya gari.

Katika nchi hiyo kila neno jipya husomwa redioni baada ya taarifa ya habari ya saa saba mchana. Msomaji alikuwa na uzoefu wa miaka ishirini, na siri ya sauti yake laini ilikuwa kutosikiliza anachokisoma. Akalisoma neno, akasoma maana, akasoma matumizi, akasoma mfano, akautakia umma mchana mwema. Kwenye saluni moja karibu na Wizara kinyozi aliacha mashine ikinguruma hewani, na mteja mwenye nusu ya nywele hakumwambia aendelee.

Bwana Kilindo alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Bi Sihaba, umetuua."

"Umesaini, Mkurugenzi. Na Mheshimiwa naye amesaini."

Mkurugenzi akaketi kwenye kiti cha wageni. Kisheria Waziri alikuwa amekwisha kupatikana na hatia. Ushahidi ulikuwa umechapwa, una saini saba, na moja ni ya mshtakiwa mwenyewe. Kuufuta ingebidi wote saba waape kwamba hawakusoma walichosaini, na kutosoma unachosaini kulikuwa na neno lake, nalo ndilo hilo hilo.

Wakakutana wakubwa wote ukumbini, simu zimezimwa. Mmoja alipendekeza Sihaba afungwe. Akaulizwa afungwe kwa neno gani, na nani atakayemwandikia mfano. Mwishowe Mwanasheria wa Wizara, mtu mwembamba anayekohoa kabla ya kila wazo, akakohoa.

"Waheshimiwa, mfano hatuwezi kuugusa. Waziri hatuwezi kumgusa. Kilichobaki ni maana. Ile ina saini tatu tu."

Kufikia jioni maana ilikuwa imerekebishwa, na redio ikaisoma mara sita:

Laksiti: upole wa hali ya juu wa mtumishi wa umma, asiyeruhusu sheria imwonee mtu, fadhila.

Wiki hiyo hiyo Mheshimiwa Gombeka akavishwa Nishani ya Laksiti Daraja la Kwanza, akiwa mtu wa kwanza nchini kuthibitishwa na Kamusi. Alihutubia kwa machozi. "Nilipobaki garini siku ile, ndugu wananchi, sikuogopa vumbi. Nililionea huruma lile paa. Nilijiwa na wazo kwamba, je, nikiliangalia kwa ukali, halitajisikia vibaya?" Watu wakapiga makofi kwa sababu askari walikuwa wamesimama mbele yao wakipiga makofi. Profesa mstaafu alitoa mada kuhusu laksiti ya mababu. Sihaba akapandishwa kuwa Daraja la Kwanza, akapewa cheti na kikombe chenye nembo.

Alikuwa ameshika kile kikombe wakati wazo lilipomjia. Kama laksiti ni fadhila, basi Pazi aliyefungua geti ana fadhila. Aliwaonea huruma watu wakipigwa na mvua, akaiacha kanuni. Hakuna mtu nchini aliyetokeza zaidi yake katika jambo hilo. Sihaba akahisi kitu kikimgusa kifuani, kidogo sana, na kwa kuwa hakuwa amekihisi miaka mingi ilimchukua muda kujua kwamba ni tumaini. Jioni ile alimpigia pasi Pazi shati jeupe. Alilikunja, akalikunjua, akalipiga pasi tena.

*

Mahakama ilijaa. Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mkarimu, akaanza kwa kumsifu mshtakiwa.

"Mheshimiwa Hakimu, upande wa Jamhuri haubishi. Mshtakiwa alipowafungulia wale akina mama alionyesha laksiti, tena laksiti ya kupigiwa mfano. Kwa hilo tunampongeza."

Hakimu akatikisa kichwa kukubali. Sihaba, kwenye benchi la pili, akalishika lile shati ndani ya mfuko.

Akaitwa shahidi, Bi Mwatum, yule bibi wa kapu la viazi. Alikuwa amekuja mwenyewe kwa miguu ili amtetee Pazi, na aliongea akimtazama yeye.

"Huyu ni mtu mwema, mwanangu. Nisingekuwa hai. Mwanzoni alitukatalia, akasema hairuhusiwi, akasema atafukuzwa kazi. Tukamwomba. Tukamwomba sana, mawe yanatupiga vichwani, mpaka na yeye machozi yakamtoka akafungua."

"Mlimwomba kwa muda gani, bibi?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Kama robo saa hivi."

"Robo saa nzima?"

"Kama hiyo. Lakini alifungua."

"Ahsante sana, bibi. Unaweza kukaa."

Bi Mwatum akakaa akiwa ameridhika. Mwendesha mashtaka akageukia meza ya Hakimu, akasikitika kweli kweli.

"Mheshimiwa, kwa robo saa nzima mtumishi huyu wa umma hakuwa na laksiti hata chembe. Alikaza. Aliwakazia akina mama waliolowa, katika nchi ambayo Waziri wake amevishwa nishani kwa kutokaza. Hatuwezi kulifumbia macho."

Hakimu akamwuliza Pazi kama anakubali kosa.

"Nakubali niliwafungulia," Pazi akasema.

"Hilo si kosa, bwana. Hilo ni zuri ulilofanya. Jibu ulichoulizwa. Unakubali kwamba kwa robo saa hukuwafungulia?"

"Nakubali. Lakini hao tisa wamekufa kwa sababu niliwafungulia."

"Mshtakiwa aache kujisifu," Hakimu akasema, na karani akaandika. Ikatolewa miaka tisa kwa upungufu wa laksiti. Bi Mwatum aliwauliza majirani zake kwenye benchi kimetokea nini. Sihaba alirudi nyumbani na shati, akalirudisha kabatini. Lile tumaini lilitoka kimya kimya kama lilivyoingia, hakulipigania.

Jumatatu yake akaletewa kikaratasi. Neno jipya lilikuwa limehitajika, upungufu wa laksiti, na mfano wake tayari ulikuwa na hukumu, kwa hiyo ilikuwa kazi ya kunakili tu. Akanakili. Hakukosea hata herufi moja ya jina, kama Mkurugenzi alivyotabiri.

*

Alipata kibali cha kumwona baada ya miezi miwili. Gereza lilikuwa na chumba cha wageni chenye waya katikati, na benchi kila upande. Pazi alikuwa amepungua mashavu, lakini alikuwa amenyolewa vizuri. Wakasalimiana. Akamwuliza habari za Tunu, za bomba la uani, za mama mkwe. Sihaba akajibu moja moja.

"Nilimwandika Waziri," akasema mwisho. "Sijui kama ulisikia."

"Nilisikia. Hata kituoni redio ilikuwepo."

"Nilidhani itakusaidia."

"Uliandika kweli tupu, Mama Tunu. Lakini ungeniandika na mimi."

"Kwa lipi? Paa hukulijenga wewe. Mchanga hukuuweka wewe."

"Funguo zilikuwa kwangu." Aliongea taratibu, kama anayeeleza njia. "Mimi kila siku nakaa nahesabu. Niliwakatalia robo saa. Ile mvua ilikatika dakika kumi baada ya paa kuanguka, nilikuwa natoa matofali jua likinichoma mgongoni. Ningekaza dakika kumi na tano nyingine wangelowa tu. Wangenitukana, wangeenda nyumbani wakakohoe. Ndiyo hesabu yenyewe. Naipiga kila siku, na kila siku inakuja hivyo hivyo."

Sihaba akafungua mdomo amwambie si kosa lake. Alikuwa na maneno mengi ya aina hiyo, ndiyo kazi yake. Akayaona yote yakiwa yamevishwa saini saba. Akaufunga mdomo, na hapo kitu kikaanza kumuuma, chini ya mbavu. Kiliuma kama mguu unavyouma ukianza kuamka. Alimlilia mumewe, akamlilia na fundi Ndaro, akiwa ameshika waya kwa vidole vyote kumi. Askari wa zamu aliangalia saa yake, kisha akaangalia pembeni.

Pazi alimsubiri mpaka akatulia.

"Nina jambo nataka unifanyie," akasema. "Wale tisa, sita nawajua majina. Watatu nawajua kwa walichokuwa wakiuza. Mmoja bamia, mmoja ndimu, mmoja alikuwa na kapu la vitunguu, anacheka sana. Nimekaa nao miezi kumi na minne sikuwauliza majina. Niulizie."

"Yapo kwenye ripoti?"

"Ripoti ilisema wanawake tisa."

Jumamosi Sihaba akaenda sokoni. Uzio ulikuwa bado upo, na ndani yake matofali, na nje yake mafungu ya mboga juani. Alimwuliza muuza bamia aliyekuwepo, akaelekezwa kwa muuza ndimu, akakaa kwenye kiroba cha mtu akisubiri mpaka akaja dada yake yule wa vitunguu. Walimwangalia kwa wasiwasi alipotoa kalamu, maana walimjua kazi yake. Mmoja akamwuliza anataka kuwaandika kwa neno gani.

"Hakuna neno," Sihaba akasema. "Niambie tu jina lake, na la baba yake."

Akaandika majina matatu chini ya yale sita aliyopewa na Pazi, akawasomea wote kwa sauti ili wamrekebishe. Walimrekebisha mahali pawili.